Jinsi ya kupiga simu kwa Kiingereza bila kumkabidhi mtoto: mwongozo kamili kwa mtu mzima aliyehamia Marekani

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Mtu anahudhuria darasa la Kiingereza, anajaza vitabu vya mazoezi, kazini anaelewana na wenzake kwa maneno na mikono. Simu ya kliniki ikilia tu, anamtafuta mtoto wa darasa la sita amjibie. Mtoto akiwa shuleni, simu haipokelewi, miadi inapotea, na wengine wanapoteza hata kazi.

Simu ni ngumu kwa sababu humwoni unayeongea naye. Huoni midomo yake, naye haoni kama umeelewa au umebaki umeduwaa. Lakini ina jambo moja la kutusaidia: mtu wa mapokezi anauliza maswali yaleyale kutwa nzima, kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo hakihitajiki Kiingereza kingi. Kinatakiwa kidogo, kilichoandaliwa na kufanyiwa mazoezi hadi kitoke bila kukifikiria.

Mwongozo huu ni wa msemaji wa Kiswahili anayeishi Marekani, awe ametokea Uvira, Bukavu au Kigoma, awe amepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, au amekuja moja kwa moja kwa kazi au masomo. Hauchukui nafasi ya darasa. Kama bado huna darasa, uliza kwenye maktaba ya mtaa wako au chuo cha jamii kilicho karibu. Madarasa ya Kiingereza ya watu wazima mara nyingi ni ya bure, na mengi yana zamu ya jioni.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja la simu tu, lisichanganywe na la shule wala la matumizi ya nyumbani, na kalamu mbili.
- Simu yenye spika, ili mikono ibaki huru kuandika.
- Kalenda ya ukutani ya Kimarekani.
- Mahali penye kimya na mlango unaofungika. Jikoni watoto wakiwa wanakula hapafai.
- Mtu mmoja wa kufanya naye mazoezi. Mtoto wako anafaa sana kwa kazi hii, tutaona kwa nini.
- Karatasi ya taarifa zako.

Karatasi hiyo ndiyo muhimu kuliko vyote. Andika kwa herufi kubwa: jina lako kama lilivyo kwenye hati ya uhamiaji, tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye hati hiyo, anwani pamoja na tarakimu tano za zip code, namba yako ya simu, jina la bima na namba ya uanachama iliyo kwenye kadi, jina la daktari wako, na namba yako ya mfanyakazi kama unayo.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni jina. Hati za Kongo zina nom, postnom na prénom. Marekani inataka "first name" na "last name", na aliyekusajili huenda aliyapanga majina yako kwa namna yake mwenyewe. Angalia hati yako ya Marekani uone lipi liliwekwa kama "last name", ulifuate hilohilo kila mahali. Wa pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu tumeandikwa Januari 1. Siku uliyozaliwa kweli mwachie mama yako. Kwenye simu taja ile iliyo kwenye hati, kwa sababu kompyuta yao inaijua hiyo tu.

Tahadhari: usiandike namba ya Social Security kwenye karatasi hii. Ikae mbali, uitoe tu pale ambapo wewe ndiye uliyepiga na unaijua vizuri ofisi uliyoipigia.

## Hatua ya 1: Chagua simu moja tu

Usijifunze "Kiingereza cha simu" chote kwa mkupuo. Chagua simu moja unayoihitaji mwezi huu, uijue hiyo kwanza.

Kama hujawahi kupiga kabisa, anza na mashine. Piga namba ya maktaba usiku ikiwa imefungwa: utasikia sauti iliyorekodiwa ikitaja saa za kufungua na kufunga. Hakuna mtu wa kumwonea haya, na unaweza kupiga tena mpaka uandike saa zote sawasawa. Baada ya hapo jaribu duka la dawa. Maduka mengi yana mashine ya kuagiza dawa inayokwisha; inakuomba ubonyeze namba ya dawa iliyochapwa kwenye lebo ya chupa. Ukishaizoea mashine, nenda kwa mtu: kubadilisha miadi ya kliniki, ile ambayo Wakongo wengi wanaiita randevu.

Umefaulu ukiwa: unaweza kusema kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, simu hii ni ya nini. Kama hata kwa Kiswahili inakuchukua sentensi tano, bado hujaamua unataka nini.

## Hatua ya 2: Herufi za jina lako

Simu nyingi hukwama hapa, kabla hata mazungumzo hayajaanza. Yule mtu anasema "Can you spell that?", wewe unataja herufi kama ulivyofundishwa nyumbani, yeye anaandika kitu kingine, halafu anakwambia haupo kwenye mfumo.

Chukua jina Neema. Ukitaja zile E mbili kama "e" ya Kiswahili, sikio la Mmarekani linasikia A, kwa sababu A yao inatamkwa "ei". Ukimaliza na "a", huenda akasikia R. Neema amegeuka NAAMR, na NAAMR hana faili katika kliniki yoyote ile.

Kwa hiyo zikariri kwanza zinazotusumbua:

- A ni "ei", E ni "ii", I ni "ai". Hizi tatu ndizo zenye fujo kubwa, maana "i" yetu kwao ni E.
- G ni "jii", J ni "jei". Waliosoma kwa Kifaransa wawe macho: kwa Kifaransa sauti hizi zimegeuzwa, G ina sauti ya "e" na J ina sauti ya "i".
- H ni "eichi", R ni "aar", U ni "yuu", W ni "dabliyu", Y ni "wai".
- Z ni "zii". Ile "zed" ya Tanzania na Kenya wengi hapa hawaitambui haraka.

B, D, P, T, V na Z zote zinaishia na "ii", na kwenye simu zinafanana kabisa. M na N nazo vilevile. Dawa yake ni kuongeza neno: "M as in mother, N as in nose, B as in boy, D as in dog, P as in Peter, V as in victory." Huhitaji maneno ya alfabeti nzima. Andika yale ya herufi za jina lako na la kila mtoto wako, basi.

Taja herufi tatu, nyamaza kidogo, endelea. Anayeandika anahitaji muda.

Umefaulu ukiwa: mtu ambaye hajawahi kuliona jina lako ameliandika sahihi kwa kukusikiliza tu, akiwa amekupa mgongo.

## Hatua ya 3: Saa, tarehe na namba

Kosa la herufi linajulikana palepale. La saa hulijui mpaka siku ya miadi, umefika na mlango umefungwa.

Mhudumu anasema "three thirty". Kichwa kilichozoea saa ya Kiswahili kinasikia tatu, kinaandika saa tatu na nusu. Unafika asubuhi, miadi yako ni saa tisa na nusu alasiri. Saa zote zinatofautiana kwa sita: saa tatu asubuhi ni "nine a.m.", saa tisa alasiri ni "three p.m.". Ila usifanye hesabu hiyo ukiwa kwenye simu. Andika tarakimu ulizozisikia, 3:30, pamoja na a.m. au p.m., kisha kata simu ndiyo utafsiri. Kutafsiri na kusikiliza kwa wakati mmoja ndiko kunakoharibu.

Angalia pia kumi na mbili. "Twelve p.m." ni saa sita mchana, "twelve a.m." ni saa sita usiku, na hapo ndipo tarehe inapobadilika. Wanaofanya kazi usiku wawe waangalifu zaidi: zamu inayoanza saa tano usiku Jumapili ni "Sunday, eleven p.m.", hata kama nyumbani kwenu usiku ule unaitwa usiku wa kuamkia Jumatatu au wa Jumatatu kabisa.

Tarehe Marekani huanza na mwezi. 04/07 ni Aprili 7. Ukiisoma kwa mazoea ya nyumbani utakwenda Julai 4, sikukuu ya taifa, ukute ofisi zimefungwa. Kwenye simu taja mwezi kwa jina, usiutaje kwa namba.

Namba zinazopoteza watu ni 13 na 30, 14 na 40, mpaka 19 na 90. Usihangaike kunoa sikio, uliza moja kwa moja: "One-three or three-zero?" Sifuri wataitaja "oh" mara nyingi. Namba ya simu itaje kwa mafungu ya tatu, tatu, nne, tarakimu mojamoja. Mtindo wa "double five" uliozoeleka Afrika Mashariki uache, unawachanganya.

Umefaulu ukiwa: unaandika kwa usahihi tarehe, saa na namba ya simu ya tarakimu kumi zinazosomwa mara moja kwa mwendo wa kawaida.

## Hatua ya 4: Andika simu yako neno kwa neno

Andika sentensi nne: mimi nani na napiga kwa nini, tarehe yangu ya kuzaliwa, naomba nini, nimeelewa nini. Kwa mfano wa kubadilisha miadi:

"Hello. My name is Neema Bahati. I am calling to change my appointment."

"My date of birth is January first, nineteen eighty-six."

"I work in the morning. Can I come after three p.m.?"

"So, Tuesday, April seventh, three thirty p.m. Is that right?"

"I am calling to" ndiyo sentensi inayofungua kila mlango. Badilisha tu mwisho wake: "make an appointment", "cancel my appointment", "ask about my bill".

Kuna jambo la malezi hapa ambalo darasani halisemwi. Sisi hatuanzi na shida. Tunasalimia kwanza, tunauliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto. Kwenye simu ya ofisi ya Marekani salamu ni "Hello" moja, kisha sababu. Ukirefusha salamu, mhudumu anadhani umekosea namba. Hutakuwa umekosa adabu. Adabu yao wanaiweka mwishoni: "Thank you. Have a good day."

Sentensi ya nne usiiruke hata siku moja, kwani ndiyo inayokamata makosa yote ya hatua ya 3.

Umefaulu ukiwa: sentensi zote nne zinatosha kwenye ukurasa mmoja na unazisoma bila kusita.

## Hatua ya 5: Sentensi za kujiokoa

Mpango utavurugika, utaulizwa usichokitarajia. Weka hizi juu ya ukurasa:

- "Please speak slowly."
- "Can you say that again?"
- "Can you spell that, please?"
- "One moment, please. I am writing."

Tahadhari kubwa: acha "yes, yes". Kwetu kuitikia ni heshima, hata kama hujaelewa. Kwenye simu "yes" ni kukubali. Watu wamekubali miadi wasiyoiweza na huduma za kulipia wasizozitaka kwa "yes" ya heshima.

Tena kuna swali la kukanusha. Wakikuuliza "You don't have insurance?", Kiswahili kinajibu "Ndiyo, sina". Ukisema "Yes", wanaandika kwamba unayo. Usijibu kwa neno moja, sema sentensi nzima: "I have insurance" au "I don't have insurance." Hapo haiwezekani kukosea.

## Hatua ya 6: Mazoezi ya kupeana mgongo

Kaeni mmepeana migongo, au mmoja aende chumba kingine na kukupigia kabisa. Wewe ni mgonjwa, mwenzako ni mapokezi. Mpe mtoto kazi hiyo. Atafurahi kukusumbua, na matamshi yake ni ya huko huko shuleni. Tofauti ni kwamba sasa anakufundisha, hasemi kwa niaba yako, na siri zako za hospitali hazipitii kinywani mwake.

Mwambie atumie maneno haya, maana ndiyo utakayoyasikia:

- "Can you hold?": subiri kwenye laini. Jibu "Yes." Muziki utapigwa, usikate.
- "Who is your provider?": wanataka jina la daktari au muuguzi anayekuhudumia.
- "Is this a good number to call you back?": wakupigie kwenye namba hii?
- "Anything else?": wanamaliza. Jibu "No, thank you."

Mzunguko wa kwanza usome kwenye daftari. Wa pili mwenzako abadilishe siku na saa. Wa tatu akwambie hakuna nafasi wiki hiyo, uone utafanya nini. Jirekodi, kisha sikiliza. Wengi wataona kwamba tatizo lao ni kuongea haraka kwa woga, kuliko matamshi.

Umefaulu ukiwa: mwenzako amebadilisha majibu na hukurudi kwenye Kiswahili.

## Hatua ya 7: Piga

Epuka Jumatatu asubuhi, laini zinajaa. Katikati ya wiki, mapema alasiri, mtu wa mapokezi ana subira zaidi. Karatasi ya taarifa iwe kushoto, daftari kulia, spika imewashwa.

Mara nyingi utapokewa na mashine: "Press one..." Alama ya # inaitwa "pound", ya * inaitwa "star". Ukipotea, sema "representative" au bonyeza 0. Mashine nyingi zitakupeleka kwa mtu. Ikikutaka uache ujumbe, sema jina, namba ya simu, sababu, kisha namba ya simu tena, polepole.

Umefaulu ukiwa: umeandika siku, tarehe, saa, na jina la uliyeongea naye. Ukipata hivyo vinne kwa Kiingereza kibovu, simu imefaulu. Ukiongea vizuri ukakata bila tarehe, haikufaulu.

Siku hiyohiyo andika neno moja au mawili uliyoyasikia usiyaelewe, uyapeleke darasani. Walimu hupenda sana maswali ya aina hiyo, na mengine darasa zima linayahitaji.

## Simu ambazo hupaswi kujaribu peke yako

Majibu ya vipimo, upasuaji, mahakama, uhamiaji, mkataba wowote, na kikao cha shule kuhusu adhabu au mahitaji maalumu ya mtoto: hapo omba mkalimani, hata kama Kiingereza chako kimekua. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa msingi huo hospitali zinazopokea fedha hizo zinatakiwa kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani bila malipo. Sema: "I need a Swahili interpreter, please." Tamka "Swahili", usiseme "Kiswahili", kwenye orodha yao wanatafuta herufi S.

Mkalimani akiongea Kiswahili cha Dar es Salaam au Mombasa na wewe wa Kivu hamwelewani, una haki ya kusema "I need a different interpreter". Kama unaelewa zaidi Kinyarwanda au Kirundi, omba hicho.

Dharura ni 911. Taja anwani kwanza, kisha "Swahili", na usikate. Vituo vingi vinaweza kumwingiza mkalimani kwenye laini.

Na matapeli. Uhamiaji haukupigii simu kudai pesa, na hakuna ofisi ya serikali inayolipwa kwa kadi za zawadi za dukani. Anayekutisha kwamba utafukuzwa nchini leo hii, mkatie. Hiyo ndiyo simu pekee ambayo haina haja ya "thank you".

## Simu ya pili ya kujifunza: kuarifu kazini kwamba hutakuja

Ukishaimudu ya kliniki, nenda kwenye hii, hasa kama uko kiwanda cha nyama au ghala. Sehemu nyingi huhesabu pointi: kutokuja bila kupiga simu ni pointi nyingi kuliko kutokuja ukiwa umepiga, na zikijaa unafukuzwa. Kumtumia rafiki wa zamu yako ujumbe kwamba unaumwa hakuhesabiki.

Leo, ukiwa mzima, muulize msimamizi mambo mawili na uyaandike: namba ya kupiga, na ni saa ngapi kabla ya zamu. Halafu andaa hizi:

"This is Neema Bahati. My employee number is..." ikifuatiwa na tarakimu mojamoja.

"I am sick. I cannot come to work today, Sunday, second shift."

"I will come tomorrow." Kama hujui, sema "I will call again tomorrow."

Ukipewa "confirmation number", yaani namba ya kuthibitisha kwamba umetoa taarifa, iandike pamoja na tarehe na saa uliyopiga. Kama ni mashine isiyotoa namba, piga picha ya orodha ya simu ulizopiga kabla haijafutika. Wakidai ofisini kwamba hukutoa taarifa, toa daftari na picha hiyo.